Mlio wa Gari la Mzee Singano

Aliyeosha gari asimlaumu fundi. Mmemsikia mama yenu akisema hivyo mchana, kaka yenu aliporudi hospitali akilalamika kwamba madaktari hawakuona kitu, nanyi mkacheka, mkadhani ni maneno ya gereji tu. Punguzeni hiyo redio niwaeleze yalikotoka. Wenyewe niliwajua, na mpaka leo nikiwakumbuka nachoka.

Chanzo chake kilikuwa hiki. Huko Soni, milimani Usambara, alikuwako Mzee Singano na mkewe, Mama Hoza. Watoto wao walikuwa wamekwisha kutawanyika, wengine Tanga, wengine Dar es Salaam, wakabaki wazee wawili na gari lao. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la taa za duara na usukani mpana kama ungo, na Mzee Singano alilipenda kama mtu anavyokipenda kitu kilichozeeka pamoja naye. Mama Hoza alikuwa na maumivu ya nyonga. Yalikuja na kuondoka. Leo analima bustani, kesho hawezi kuvuka kizingiti. Kila mwezi mumewe alimteremsha hospitali, kule bondeni, na njia ile mnaijua wenyewe, kona juu ya kona na korongo ubavuni. Bila gari angepanda bodaboda, na kwa nyonga ile bodaboda ni kujitafutia kilio.

Sasa gari nalo likaanza kulia. Lilianzia nyuma, kwiii, kwiii, halafu ko, kama mtu anayevunja ukuni kwa goti. Likilia kona hii, kona ya pili limenyamaza. Mzee Singano alikuwa akiendesha huku amekaza shingo, anasikiliza, na mkewe kiti cha nyuma, mguu ameunyoosha, ameshika mlango kwa mikono miwili. Hawakuwa wakizungumza tena njiani. Kila mmoja alikuwa akisubiri ile ko.

Akalipeleka kwa fundi Mbelwa, gereji ya pale karibu na soko. Mbelwa alilala chini ya gari, akagonga huku na huku, akaliendesha mwenyewe kuzunguka soko na kurudi. Kimya. Gari lilikwenda kama limetoka kiwandani.

"Mzee wangu, mimi sisikii kitu," alisema.

Mzee Singano akarudi nyumbani. Walipoteremka tena hospitali, likalia. Akalirudisha kwa Mbelwa, likanyamaza. Ikawa ndiyo kazi, kwenda na kurudi, mpaka Mbelwa akimwona kwa mbali anashusha pumzi. Vijana wa gereji wakaanza kunong'ona kwamba kinacholia ni masikio ya mzee. Watoto wake nao wakapiga simu: baba, liuze kwa watu wa chuma chakavu upumzike. Mzee Singano akafika mahali pa kujishuku mwenyewe. Alichoka, jamani. Kuna uchovu wa kazi, na kuna uchovu wa kusema jambo la kweli usiaminiwe, na huu wa pili hauishi kwa kulala.

Na hospitalini mambo yalikuwa hayo hayo. Daktari, kijana mpole tu, alimkunja Mama Hoza mguu, akambonyeza nyonga, akamuuliza, "Hapa je, mama?" Naye akajibu, "Afadhali, mwanangu." Akamtembeza ukumbini, akatembea vizuri. Basi akapewa dawa ya kuchua, akaambiwa arudi mwezi ujao. Wakipanda mlima Mzee Singano alikuwa akinung'unika njia nzima. Fundi hasikii, daktari haoni, wote lao moja.

Siku moja walikuwa wanarudi hospitali, mvua imenyesha, barabara tope tupu. Kwenye buti mlikuwa na gunia la unga na mikungu ya ndizi waliyonunua bondeni. Gari likalia tangu kona ya kwanza, na safari hii halikunyamaza. Lililia mpaka Mama Hoza akaanza kusoma dua kwa sauti. Walipofika Soni, Mzee Singano hakuthubutu kuendelea mpaka nyumbani. Alikata kona, akaingia gereji vile vile alivyo.

Aliposhuka, jambo la kwanza alilofanya ni kuomba radhi. "Nisamehe, fundi. Nimekuletea gari chafu. Sikupata nafasi ya kuliosha."

Mbelwa akaacha alichokuwa akifanya. "Kwani huwa unaliosha?"

"Naliosha, naam. Nitakuletea mtu mzima gari la matope ulalie chini yake? Natoa mizigo yote, nalipitisha kwa vijana wa pale mtoni. Wanaliosha mpaka chini, kisha wanapulizia ile oili chafu yao na dizeli, linang'aa. Ndiyo heshima."

Mama Hoza alipotaka kushuka Mbelwa alimzuia kwa mkono, akamwambia, "Kaa hapo hapo, mama. Na gunia liacheni." Akaingia chini ya gari topeni, na tochi. Alikaa kidogo tu, akaita.

Mzee Singano akainama. Pale kwenye springi ya nyuma, yale mabapa ya chuma yaliyolaliana, bapa moja lilikuwa limepasuka. Ufa wake ulikuwa wazi, kidole kinaingia, na kando yake matope yamechanika kwa kusuguana kwa chuma.

"Hili limepasuka zamani," Mbelwa alisema. "Yaliyobaki nayo yamechoka. Lingekatika kwenye kona, tungekuwa tunawatafuta korongoni."

Woga wa Mzee Singano ukageuka hasira. "Zamani? Na muda wote huo wewe ulikuwa unatazama nini?"

Mbelwa akatoka chini, akajifuta mikono kwa kitambaa, polepole. Naye alikuwa amechoka.

"Mzee wangu, nilitazama ulichoniletea. Gari likiwa tupu, ufa unajifumba. Chuma kikinyweshwa oili hakilii. Vumbi na kutu vingenionyesha pa kutazama, navyo umevisafisha. Unalitibu gari mtoni kwa siku moja, halafu unaniletea mimi lililopona. Ningekuuliza kama umeliosha ungeona nakutafutia sababu, nikanyamaza. Hilo ni langu. Lakini aliyeosha gari asimlaumu fundi."

Springi ikabadilishwa, wakaenda zao, na gari halikulia. Ungedhani wangefurahi. Lakini walipofika mlangoni kwao Mama Hoza hakushuka.

"Baba Hoza," alisema. "Mimi nameza vidonge."

"Vidonge gani?"

"Vya maumivu. Kila siku ya hospitali, alfajiri, kabla hatujatoka. Mtu na akili zangu nitakwenda kumlilia kijana wa watu, nikokotwe mbele ya wakwe na majirani? Nameza, naoga, navaa, natembea. Tukirudi jioni ndipo yanaponishika tena." Akatazama mikono yake. "Nilidhani ni heshima."

Mwezi uliofuata hakumeza kitu. Ilibidi majirani wambebe mpaka garini, na kila shimo la barabara alilia, mumewe akilia naye. Daktari alipomgusa nyonga alipiga yowe, korido nzima ikanyamaza. Wakampiga picha. Daktari akaitazama ile picha, akaketi karibu nao, akawaambia mfupa umelika. Ungewahiwa mapema ungetengenezeka. Sasa atampa dawa ya kumtuliza, lakini fimbo hataiacha tena, na bustani asahau.

Mzee Singano akasimama. Kidole amekwisha kukinyoosha usoni mwa yule kijana, tayari kumuuliza muda wote huo alikuwa anatazama nini.

Mama Hoza akamshika pindo la koti, akamvuta taratibu.

"Keti, Baba Hoza," alisema. "Aliyeosha gari asimlaumu fundi."

Akaketi.