Salamu ya Chui Dunguni

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walivaa vilemba na kujitwika mitungi, aliishi Chui aliyetaka kumwoa binti wa Simba.

Mzee Simba alikuwa na masharti mawili tu. "Mkwe wangu awe na mkono wa kuleta kitoweo na kinywa chenye adabu. Kimoja kikikosekana, simwozi."

Chui aliyaona masharti hayo mepesi kama unyoya. Adabu alijihesabia kuwa anayo tele. Ama upinde, hapo palikuwa na kasoro ndogo: kila alipomlenga mnyama anayetembea, fyuu! mshale ulitua pale mnyama alipokuwa, si pale alipokwisha kufika. Wiki nzima aliwinda vichuguu.

Ndipo akabuni hila. Swala alipopita chini ya dungu lake, ule ulingo wa kuvizia alioujenga juu ya mti, Chui alivuta upinde, akaita kwa sauti ya asali, "Salamu alaikum, jirani!"

Swala, mtoto wa watu, alisimama akainua shingo ili aitikie. Pu! Hakuimaliza salamu yake.

"Tazama faida ya malezi mema," alisema Chui, akimchuna.

Digidigi aliyaona hayo kutoka kichakani, akayatia moyoni. Mwanawe alikuwa akiungua homa, na kijito kimoja tu ndicho kilichokuwa hakijakauka. Njia ya kukiendea ilipita chini ya dungu lile.

Asubuhi moja Chui alimpandisha Mzee Simba dunguni.

"Baba, wewe tazama tu. Kitoweo kitajileta chenyewe."

"Nimekuja na macho yangu," alijibu Simba, mkia wake ukining'inia nje.

Tipu, tipu, tipu! Digidigi huyo, anarudi kutoka kijitoni na mtungi kichwani. Aliuona mkia, akamtambua mwenye nao ni nani.

Chui akavuta upinde hadi sikioni. "Salamu alaikum, jirani!"

Digidigi hakusimama. "Alaikum salamu, Bwana Chui! Na Mzee Simba huko juu, shikamoo!"

"Marahaba, binti!" Simba aliitikia, moyo umemkunjuka.

"Umeamkaje, Bwana Chui?"

Chui akazidi kukaza jicho, akimlenga.

"Mkwe, umeulizwa hali," Simba alinong'ona. "Au kwenu watu huchomwa mishale katikati ya salamu?"

Jasho likamtoka Chui. "La, hasha, baba! Nimeamka salama, jirani!"

"Alhamdulillahi. Na mama, kifua kimepoa?" Tipu, tipu.

"Kimepoa!"

"Mtama umetoa masuke?" Tipu, tipu.

"Umetoa!" Upinde, ungali umevutwa, ulilia kwii, kwii.

"Na shangazi yako, yule aliyeteguka mguu?"

"Anatembea! Wote wazima! Mpaka kuku wazima!"

"Mbona unamharakisha mwenzio?" Simba alikemea. "Binti ana adabu huyu."

Digidigi alikuwa amekifikia kichuguu cha mbali. "Nasikia una posa kwa watu wakubwa, Bwana Chui?"

"Ee... niombee, jirani!"

"Nakuombea! Kwaherini, wazee wangu!"

"Kwaheri, mwanangu!" alinguruma Simba, akainamia mbele kumpungia mkono.

Wakati huohuo vidole vya Chui vikaishiwa nguvu. Fyuu! Mshale ukakichukua kilemba cha Mzee Simba na kukigongomea mtini, ta!

Simba alijipapasa kichwa kitupu, akashuka ngazi moja moja.

"Baba! Si kusudi, umeniponyoka! Baba mkwe, kwaheri ya kuonana!"

Simba, mwalimu wa adabu, alikwenda zake bila kuitikia.

Kule nyumbani mtoto wa Digidigi alishika kata ya maji kwa mikono miwili, akanywa gu-gu-gu hadi tone la mwisho.

Basi, wanangu, ategaye kwa salamu ajiandae kuiitikia mpaka mwisho wake.