Maji ya Mama Hondo

Sogeeni kwenye mafiga. Wewe Sikudhani, rudishia huo mlango, jirani ana masikio kama ungo. Haya, kabla sijafungua mdomo, apeni. Semeni, "Wallahi hatusemi!" Wote! Na wewe Mwinyikombo, usichezeshe midomo tu, nataka sauti. Neno hili likifika kisimani, mimi simo.

Paukwa!

Pakawa!

Ala! Mnaitika kama mmelala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Enhe, sasa mmekuja. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mji wao na umbea wao, palikuwa na mpiga mbiu, Bwana Pimbi. Mnamjua pimbi? Kanyama ka mawe, mkia hana, vijiguu kama vya kigoda. Lakini sauti! Akipuliza pembe yake, hata kiziwi anageuka. Hahaaa!

Sasa mji ule ulikuwa na mila. Mpiga mbiu hamtangazi mtu mpaka afike kwake, amuulize mwenyewe, anywe maji ya mtungi wake. Kwani utapokea kata mkononi mwa mtu usimtazame usoni? Huwezi! Ndiyo maana kila mbiu Pimbi aliimaliza hivi: "Nimefika, nimeuliza, nimekunywa maji!" Watu wakisikia hayo, basi, wanaamini, wanarudi kwenye vyungu vyao.

Wakaja Chiriku. Weee! Ndege wadogo, kundi zima, hawatui. Hawa hawaendi kwa mtu. Wakiona jani limetikisika, "Chui! Chui!" Mji mzima mbio. Kumbe upepo. Kesho yake wanasikilizwa tena, tena wanatupiwa hata mtama! Pimbi akirudi na habari yake, jasho linamtoka, pale kwenye jiwe la mbiu hakuna hata mjusi.

Mkewe akamcheka. "Baba Pimbi, leo umewapulizia nani? Mawe?"

"Habari nimeileta kamili, mke wangu."

"Kamili na imepoa. Nani anakula ugali uliopoa?"

Likamchoma hilo. Akawa halali, hakai, anazunguka jiwe kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Asubuhi moja Chiriku wakaja wanapiga kelele. "Mmesikia? Hondohondo kamzika mkewe! Kamzika mzima! Tumemwona na udongo mdomoni, anaziba tundu la mti! Mama Hondo haonekani!"

Hondohondo ni yule ndege wa mdomo mkubwa kama panga. Mji ukachemka. Bwana Ndovu akaja mbio kwa Pimbi, masikio yanapepea. "Mpiga mbiu, ni kweli? Sema wewe. Hao Chiriku siwaamini sana."

Mmesikia? Siwaamini sana! Mtu kamfuata Pimbi wake. Pimbi akautazama mti ule, uko ng'ambo ya korongo. Kwenda na kurudi jua litakuwa utosini. Akawatazama Chiriku, wameshajaza tawi, wanamcheka. Akaogopa ataachwa tena. Akachukua pembe, akapuliza:

"Hondohondo kamzika mkewe! Nimefika, nimeuliza, nimekunywa maji!"

Eeeh! Pimbi! Na koo kavu!

Basi tena. Fisi kaokota rungu, Nyati kashusha kichwa, Ndovu mbele, wanateremka korongoni wanaimba, "Kafika, kauliza, kanywa maji! Kafika, kauliza, kanywa maji!" Pimbi akasikia maneno yake yanaondoka na rungu. Akatupa aibu, akatimua mbio nyuma yao na hivyo vijiguu, anaanguka, anainuka, anaanguka.

Kufika, Bwana Hondohondo yuko chini, Nyati kamkanyaga bawa. "Msiutikise mti!" analia. "Msiutikise, jamani!"

"Muuaji anatupangia!" akasema Fisi.

Ndovu akaupiga mti kwa bega, puu! Ndani kikasikika kilio cha mwanamke. Chiriku wakashangilia, "Mzima! Mtoeni! Vunjeni!" Ndovu akarudi nyuma apige la pili.

Pimbi akapanda mgongoni kwa Nyati, hana adabu tena, akapuliza mpaka mishipa ikamtoka:

"Mimi Pimbi! Sikufika! Sikuuliza! Sikunywa maji!"

Ndovu kabaki na mguu hewani.

"Unasema?"

"Nilisema uongo, Bwana Ndovu. Nipigeni mimi. Mti uacheni."

Akapanda hadi kwenye ule udongo. Palikuwa na ufa mwembamba, wa kupita mdomo tu. "Hodi, Mama Hondo. Nimechelewa. Nani kakufungia humo?"

"Nimejifungia mwenyewe! Udongo baba analeta, kukandika nakandika mimi. Sisi tunavyotamia ndivyo, nyoka asiingie. Manyoya ya bawa yameshanyonyoka, mkinitoa sasa naangukia pua. Nilikuwa na mayai mawili, Pimbi. Sasa ninalo moja."

Nyati akaondoa kwato polepole.

Pimbi akasema, "Mama, naomba maji."

Maji ya kunywa mle yatoke wapi? Lakini mila ni mila. Mama Hondo akapitisha tunda moja kwenye ufa, alilokuwa kaletewa na mumewe, bivu, linadondosha. Pimbi akalipokea, akanyonya, machozi na maji ya tunda vikachanganyika. Kupitia ule ufa akaliona jicho la mwenzie.

Chiriku je? Walishaondoka zamani! Wako mji wa pili, "Pimbi mwongo! Pimbi mwongo!" Na safari hii walisema kweli, ndicho kinachoniuma mimi.

Pimbi alirudisha pembe, wakamkatalia. "Kaa nayo," Ndovu akasema, "lakini kila mbiu uanze kwa kulitaja yai la Mama Hondo lililovunjika." Akaanza nalo mpaka uzee. Wako walioanza kuuliza, "Nani kanywa maji?" Siku nyingine wanasahau, wanashika marungu. Hata leo sijui wanauliza au wamesahau.

Hadithi yangu imeishia hapo, na kiapo chenu nakifuta. Semeni, ila msiseme "tumesikia tu." Semeni mmeambiwa na mimi, Shangazi Mwanamvua. Mimi nimeambiwa na Bi Pili msuka ukili wa mikeka, nyumbani kwake, ananitazama usoni. Na maji yake, hahaaa, nilikunywa kata mbili.