Kodi ya Moshi

Paukwa!

— Pakawa!

Mnaitikia kivivu leo, utadhani kuitikia kunatozwa kodi. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Pakawa mji, na mji ukawa na wenyewe.

Hapo zamani za kale, huko milimani, palikuwa na mji uliokunywa maji ya mfereji mmoja. Mwaka mmoja mvua ikaubomoa mfereji huo. Kuujenga upya kunataka watu, watu wanataka kula, na ghala la mfalme lilibaki na panya tu.

Mfalme akamwita mtoza kodi wake, kijana jina lake Shemboza. "Kila jiko litoe pishi moja ya mahindi. Panda kilimani asubuhi, hesabu majiko yanayofuka moshi." Ati hiyo ndiyo haki! Jiko moja, pishi moja, awe nani awe nani.

Shemboza akapanda. Majiko mia yalifuka. Akakusanya, ghala halikufika hata nusu.

"Basi pishi mbili!" akasema mfalme. Shemboza akapanda. Majiko sitini.

"Basi pishi nne!" Shemboza akapanda mara ya tatu. Akatazama, akafikicha macho, akatazama tena. Majiko mawili. Mawili tu, jamani, mji mzima, ukiacha la mfalme!

La kwanza alilijua. Lilikuwa la Bwana Kiondo, tajiri wa wake saba na wachungaji wasiohesabika. Jiko moja, chungu kimoja, midomo mia. Na mdomo wa Shemboza ulikuwa humo humo, maana alikula kwa Bwana Kiondo kila siku. Hata asubuhi hiyo alipanda kilima midomo iking'aa mafuta.

La pili hakulijua. Akateremka mbio, hasira zimempanda. Lo! Akawakuta wanawake wa mji, vyungu vimepangwa foleni, wanapika kwa zamu kwenye moto mmoja.

"Mnaiba kodi!" akafoka.

"Tunaiba nini, baba?" akajibu mmoja wao, mwenye ulimi. "Moto mmoja, pishi nne. Si hesabu yako hiyo? Au ni ya Bwana Kiondo peke yake?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Shemboza akaangaza huku na huku. "Mama yangu yuko wapi?"

Kicheko kikakatika. "Tulimwita, akakataa. Alisema hana uso wa kuota moto wa watu ambao mwanawe amewazimia majiko."

Shemboza akaenda kwa mama yake. Mafiga baridi. Mama Mkunde ameketi na bakuli la mahindi makavu aliyoyaloweka, anatafuna kwa meno yake matatu. Alipomwona mwanawe akalifunika bakuli kwa upande wa kanga.

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama." Akajifuta midomo kwa kiganja. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Haya, vizuri," akasema mama.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema. Siku ile Shemboza aliuonja uzito wake. Akatoka bila kuaga, moja kwa moja barazani.

"Mfalme, moshi hauli. Chungu ndicho kinachokula. Tupime vyungu, kila mtu atoe kwa kadiri ya chungu chake."

Bwana Kiondo akaruka. "Nimeshalipa! Jiko langu ni moja, kama la mjane yeyote!"

"Kileteni chungu chake," akasema mfalme.

Kikaja kimebebwa na wanaume wanane, wanaimba, jasho linawatoka. Wakamimina maji: mitungi arobaini, na bado nafasi ipo. Cha mjane mmoja kilijaa kwa kata moja. "Na cha kwako pia, mfalme!" akapaza sauti yule mwanamke mwenye ulimi. Mfalme akajikuna ndevu. Atafanyaje? Kikaletwa.

Basi mjane akatoa kibaba. Bwana Kiondo akatoa magunia, mfalme akatoa magunia, ghala likafurika. Mfereji ukachimbwa, maji yakarudi, majiko yakawashwa.

Watu wakambeba Shemboza mabegani. Vigelegele! "Kijana ana akili huyu!" Mama Mkunde alikuwa amesimama pembeni, mikono ameikunja. Shemboza akashuka, akamwendea.

"Mama, mbona hufurahi?"

"Nafurahi, mwanangu. Nauliza neno moja tu. Kile chungu cha Bwana Kiondo, ndio kwanza umekiona leo?"

Shemboza akainamisha kichwa. Nyuma yake watu bado wanalitaja jina lake.

"La, mama. Nakula humo kila siku."

"Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ulijua."

"Nilijua, mama."

Ngano yangu nimeitua hapo. Utamu wake gawaneni nyote. Ikiwa na ubaya, niachieni mwenyewe nikalale nao.