Mtambo wa Bwana Lugendo

Bwana Anselmo Lugendo alifika Bahi, ambako maji ya visima hayatoi povu la sabuni, akiuza mtambo wa kuyalainisha. Kwa mjane Mbeleje Chilongani alitaka alipwe ng'ombe wa pekee wa mama huyo.

"Ukinidanganya?" akauliza Mbeleje.

"Mtambo uchukue bure, bibi! Lete maji."

Mbeleje alileta ndoo mbele ya majirani. Lugendo akasugua sabuni yake humo; povu halikutoka.

"Mnaona? Haya ni mawe, si maji!" Akayapitisha mtamboni, akachomoa kipande kingine cha sabuni, povu likafurika. "Nifungulie ng'ombe."

"Ngoja, baba. Hayo ni maji ya mvua ya jana, majirani hawa waliniona nikiyakinga. Hayakatai sabuni ya mtu yeyote. Kile kipande chako cha kwanza ni chokaa? Uache mtambo, kuku wangu hawana pa kutagia."