Gari Lisilo na Mwenyewe

Piii! Usiku, lile gari kubwa kuukuu la Siwatu lilijipigia honi tena. Breki nazo hazikushika. Alikuwa amelipata kwa kutoa ng'ombe wake wawili, na mjumbe wa mtaa alisema aliyekuwa mwenyewe akijulikana atawarudisha ng'ombe hao. Lakini dalali Mkadimba alikataa katakata kumtaja.

Asubuhi Siwatu alimfuata dalali nyumbani kwake, alikodai kumtunzia mwenyewe wale ng'ombe, pamoja na mjumbe.

“Kaka, kiwanda kimekiri ubovu. Kinayaita magari haya yote yarudishwe.”

“Mimi dalali tu, dada. Mwenyewe hataki kutajwa.”

“Basi na akose! Aliyelimiliki kabla yangu anapewa jipya. Nitamtaja mjomba wangu kuwa ndiye.”

“Mjomba wako? Mwongo mkubwa we! Gari lilikuwa langu!”

“Jina kamili?” aliuliza mjumbe, huku Siwatu akiwa tayari kwenye zizi la dalali, anafungua ng'ombe wake.

“Mkadimba bin Shomari!”