Ghala la Marehemu Mbonea

Tegeni sikio, wakubwa kwa wadogo, na mwenye jibu alibane mdomoni mpaka nimalize. Katika ukoo wetu kesi hii imeshavunja karamu zaidi ya moja kwa sababu ya watu kujibu mapema.

Walikuwepo binamu watatu, wajukuu wa Bibi Namkunda wa milimani Upareni. Kajiru alijaliwa kuuliza: pale ambapo wengine hulaumu, yeye hutafuta swali. Namsifu alijaliwa kukumbuka: hasahau nani alileta nini, wala siku hiyo alikuwa amevaa nini. Sifaeli alijaliwa kuthubutu: jambo ambalo wote wanaliogopa, yeye hulifanya kwanza, kisha ndiyo anakohoa.

Nyumba ya bibi yao ilikuwa na mwiko mmoja uliowachosha wote. Kitu alichokiweka ndugu hakiondolewi ila kwa mkono wake mwenyewe aliyekiweka. Ukikiondoa wewe, umemfukuza yeye. Ndiyo maana mlangoni kulikuwa na msumari alioupigilia babu ili atundike kofia yake. Babu alifariki, kofia ikaliwa na mende, na msumari ukabaki ukichana mikono ya mashati ya wageni, pamoja na joho la mchungaji. Kila mtu anaulaani. Hakuna anayeung'oa.

Sebuleni palikuwa na kompyuta ya baba yao mdogo, Mbonea, aliyekuwa mwalimu. Humo alirekodi sauti ya mama yake, Bibi Namkunda, akiwataja wanawake wa ukoo mmoja baada ya mwingine, maana majina hayo hayakuwa yameandikwa popote. Siku ile aliposikilizishwa sauti yake, bibi alicheka, akasema mbele ya watu: "Nikishanyamaza, atakayenifanya niongee tena ndiye atakayempa mwanawe jina langu."

Msidhani ni maneno madogo. Kwetu jina la marehemu hubebwa na mtoto mmoja tu. Wa pili hapewi. Na Bibi Namkunda alipofariki, Mbonea akiwa ameshamtangulia, kila binamu alikuwa na binti anayelisubiri jina hilo. Wa Kajiru alikuwa bado mchanga. Wa Sifaeli alikuwa anatambaa na bado anaitwa Mtoto. Wa Namsifu alikuwa tumboni, na mama yake alikwisha kuapa kuwa ni wa kike.

Ikafika siku ya kuweka msalaba wa saruji kaburini. Wageni walijaa uani, wakisubiri sauti ya bibi. Lakini kompyuta ilikuwa imebadilishiwa toleo la mfumo wake, na programu ya kufungua rekodi zile ilikuwa imetoweka. Ilibidi ipakuliwe upya kwa intaneti kutoka kwenye maghala ya programu, yaani zile sehemu za mtandaoni ambazo mashine imeelekezwa kwenda kuchukua inachohitaji.

Hapo ndipo mashine ilipowatia wazimu. Ukiiagiza programu, inakwenda, inakaa, inarudi mikono mitupu. Ukiiagiza tena, inakwenda, inakaa, inarudi mikono mitupu. Ilikuwa kama mtu uliyemtuma madukani, akakuta duka moja limefungwa, akarudi nyumbani bila hata chumvi ambayo duka la pili lilikuwa nayo tele.

"Izime, uiwashe," alisema Sifaeli.

"Nimeizima mpaka kitufe kimelegea!" alijibu Kajiru.

Shangazi Togolani, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, alichungulia mlangoni, na msumari ukamkwaruza kitenge. "Mwone huyu naye! Nyie watoto, watu wako juani, makande yanapoa, nanyi mnalitumbulia macho sanduku. Mama ataongea au haongei?"

"Ataongea, shangazi."

"Lini? Nikishalala pembeni yake?"

Ndipo Kajiru aliposema, "Ngojeni. Tunaigombeza mashine kwa kurudi mikono mitupu. Hatujaiuliza inakwenda wapi." Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika maneno mawili, *dnf repolist*, akabonyeza. Mashine ikajibu papo hapo, bila kinyongo, kana kwamba siku zote ilikuwa inangoja kuulizwa. Maghala saba yakajipanga, moja chini ya jingine.

Saba! Mashine ilikuja na mawili. Kila aliyeitumia wakati wa likizo aliongeza la kwake, na hakuna aliyegusa la mwenzake. Mwiko wa msumari ulikuwa umeingia hadi ndani ya kompyuta.

Kajiru akakodoa macho. Majina yalikuwa ya ajabu, na hakuna lililoandikwa kuwa ni bovu. Sifaeli akanyoosha kidole kwenye jina lililopinda kuliko yote. "Tufunge hili. Sura yake tu ni ya mwizi."

"Ondoa mkono!" alisema Namsifu. Akavuta kiti, akashika tumbo lake, akaanza kuyasoma kama mtu anayepita makaburini. "Haya mawili yalikuja na mashine. Hili ni lako, Kajiru, la mchezo wa mpira, likizo ile uliyofeli hesabu. Hili ni langu, la herufi za kadi za harusi. Hili na hili ni yako, Sifaeli, na hilo unalotaka kulifunga ndilo lenye programu ya sauti. Na hili la mwisho... Hili aliliweka baba mdogo. Lilikuwa la wanafunzi wake. Nilikuwa namtilia chai walipompigia simu kumwambia wamelifunga. Chai ile hakuinywa."

Ghala lililowatesa lilikuwa la marehemu, na marehemu haitwi aje kuondoa chake.

"Basi tena," alisema Kajiru. "Tukawaambie watu wale makande, waende."

"Waende wapi?" alisema Sifaeli. Akavuta kibodi. Akafungua faili la ghala lile, akafika pale palipoandikwa namba 1, maana yake liko wazi. Akaifuta ile 1, akaandika sifuri, yaani mashine isilipitie tena. Kisha akakohoa. Akaiagiza programu kwa mara nyingine, na safari hii mashine ikaenda, ikarudi nayo.

Uani kukasikika sauti: "Mbonea, hiki kidude mbona kinanikodolea jicho jekundu?" Watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Bibi akawataja wanawake wa ukoo, wote, hata yule ambaye wanaume humruka wanapohesabu ukoo. Mwishoni akasema, "Basi, zima. Uji unaungua."

Mtadhani mambo yaliishia hapo. Yalianzia hapo.

"Jina ni la binti yangu," alisema Kajiru. "Kabla sijauliza, tulikuwa tunaizima na kuiwasha kama taa ya choo."

"Uliuliza, ukajibiwa, ukaduwaa," alisema Namsifu. "Bila mimi mngelifunga ghala lenye dawa yenyewe."

"Nawe ulijua siku nyingi kuwa ghala lile limekufa, ukanyamaza," alisema Sifaeli. "Mkono uliomfanya bibi aongee ni huu."

"Huo huo uliomfukuza baba mdogo!"

"Sijamfukuza! Kajiru, hebu iulize tena. Iulize yote."

Kajiru akaandika *dnf repolist all*. Ghala la Mbonea lilikuwa mahali pake, jina lake halijaguswa, na pembeni limeandikwa kuwa limezimwa.

Shangazi Togolani aliinama mbele ya kioo cha kompyuta. "Kwa hiyo lipo?"

"Lipo, shangazi."

"Na halisumbui mtu?"

"Halisumbui."

Akageuka kuutazama msumari wa mlangoni. Kesho yake tuliukuta umeviringishwa kitambaa, na hakuna aliyekiri kuuviringisha.

Lakini kuhusu jina hakusema neno, na alifariki bila kulisema. Mabinti wale wanasoma sasa. Wote watatu nyumbani wanaitwa Mtoto, na ukiita kwenye sherehe wanageuka wote.

Sasa fungueni midomo. Mmoja aliuliza, mmoja akakumbuka, mmoja akathubutu. Ukimtoa yeyote, bibi angebaki kimya. Ungekuwa wewe ndiye Shangazi Togolani, ungemwita binti wa nani Namkunda?