Kindi na Ofisa Aliyependa Sampuli

"Mliokaa na mliojilaza, mpo?"
"Tupo!"
"Masikio mnayo?"
"Tunayo!"
"Nipeni basi. Nitayarudisha yamejaa uongo."
"Yajaze!"

Hapo kale, mawingu yalipokuwa yakishuka kilimani kupakia mizigo, Bondeni aliishi Kindi, mama wa watoto wanne, mtengenezaji wa pipi za ukwaju. Alikanda ukwaju kwa asali, akatia pilipili kidogo, akaviringa, akaanika juani. Pipi zilikuwa tamu kweli, lakini Bondeni kila mlangoni pana mkwaju. Nani anunue? Kila mwaka zilimwozea, na kila mwaka Kindi alilia.

Alipofumba macho aliliona soko la Nchi ya Ukungu, ng'ambo ya milima, ambako mkwaju haujapata kuota. Aliona vibanda vyeupe vinaelea, na wateja wenye manyoya mazito wanatembea polepole, nyayo zao hazitoi sauti. Akiamka, pua yake bado ina baridi ya kule.

Siku moja Serikali ya Bonde ikatangaza ruzuku. Mfanyabiashara mdogo anayetaka kuuza nje atapewa nafasi juu ya wingu, yeye na bidhaa zake, na kibanda kwenye maonyesho ya Nchi ya Ukungu. Sharti lilikuwa moja tu: fomu yake igongwe muhuri na Ofisa wa Ruzuku. Na Ofisa wa Ruzuku alikuwa Kiboko.

Kindi akajitwika kikapu, tiki tiki tiki, mpaka ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa bwawa, na Kiboko amekaa humo, muhuri unaning'inia shingoni.

"Sampuli," akasema Kiboko.

Kindi akampa pipi moja. Kiboko akachukua kikapu. Nyam, nyam, kubwi. Akasema ladha hakuipata vizuri, ana mafua. Njoo kesho.

Kesho yake Kindi akaja na kikapu cha pili, tiki tiki tiki. Nyam, nyam, kubwi. Kiboko akasema hicho amekipima kwa upande wa kushoto wa mdomo, bado upande wa kulia. Njoo kesho.

Kesho yake kikapu cha tatu, tiki tiki tiki. Nyam, nyam, kubwi. Kiboko akasema sampuli sasa ni safi, ila faili limelowa. Njoo kesho, na usije mikono mitupu.

Kindi akatoka amenywea. Nyumbani kimebaki kikapu kimoja, ukwaju hakuna mpaka mwakani, na wingu linaondoka keshokutwa. Ukingoni mwa bwawa aliwapita Fuko na viazi vyake, Nungunungu na kamba zake, wote wadogo, wote wanangoja, wote wamekonda. Akakaa kando ya njia akalia. Jua lilikuwa kali, majani yananong'ona, usingizi ukamchukua palepale. Akaliona soko tena. Safari hii Kiboko alikuwa amekaa kibandani, utepe sikioni, na wateja wanambonyeza kama papai. Kindi akaamka anacheka peke yake.

Siku ya nne akaenda ofisini mikono mitupu, anaimba kwa sauti ndogo. Akamwambia Kiboko kwamba amekuja kurudisha fomu, kwa sababu soko la Nchi ya Ukungu linamtisha. Huko kila kibanda kinampa anayepita sampuli, bure, na vibanda ni elfu moja. Yeye ni kiumbe mdogo, tumbo lake litapasuka.

Pua za Kiboko zikapanuka. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama wingu lina nafasi. Kindi akasikitika sana. Wingu hubeba mfanyabiashara na bidhaa tu, maofisa hawamo.

"Labda uende kama bidhaa, Mheshimiwa," akasema. "Niandike pipi, vikapu vinne. Vitatu si vimo humo tumboni? Uongo uko wapi?"

Kiboko akatazama tumbo lake. Uongo hakuuona. Akamwambia Kindi aandike upesi, naye akagonga bila kusoma, kama kawaida yake. Ko!

Jioni ile Kindi akapita ukingoni mwa bwawa, akakusanya fomu za wote waliokuwa wakingoja.

Asubuhi wingu likashuka kilimani, laini, lina harufu ya mvua. Korongo, karani wa mizigo, akauliza vikapu vinne viko wapi. Kindi akaonyesha cha mkononi, kisha akamwonyesha Kiboko. Korongo alikuwa mtu wa karatasi: muhuri ukiwepo, kwake mambo yamekwisha. Akamfunga Kiboko utepe sikioni: PIPI ZA UKWAJU, VIKAPU VITATU. Kiboko akapanda, Korongo naye na karatasi zake. Wingu likabonyea, pwee, likajikaza, likaondoka. Milima ikapita chini yao bila sauti. Kiboko akasinzia, na Kindi hakujua kama yuko macho au bado anaota.

Soko lilikuwa vilevile alivyoliota. Wateja walikuwa madubu. Bibi Dubu mmoja akaonja pipi, akakunja uso, machozi yakamtoka, akaomba nyingine. Foleni ikarefuka mpaka ikapotelea ukunguni. Kabla ya adhuhuri kikapu kilikuwa kitupu.

Bibi Dubu akauliza kama zimekwisha. Kindi akajibu kwamba vimebaki vikapu vitatu, vimo ndani ya mzigo ule wenye utepe.

Mzigo ulikuwa njiani kwenda kibanda cha maboga. Madubu wakauzunguka. Wakaubonyeza. Wakaunusa. Bibi Dubu akatoa kisu kwenye mkoba wake, akakifuta vizuri.

"Kwetu," akasema kwa upole, "kabla ya kununua tunaomba sampuli."

Kiboko akalia kwamba yeye ni ofisa. Korongo akafungua karatasi, akamsomea: bidhaa. Akamwonyesha na muhuri ni wa nani. Kiboko akamgeukia Kindi.

"Kindi, mama yangu, nifute kwenye hiyo fomu."

"Fomu ya kufuta ipo, Mheshimiwa. Iko chini kabisa ya hizi."

Akamwekea mbele fomu ya Fuko, ya Nungunungu, na za wadogo wote wa bwawani. Kiboko akagonga. Ko! Ko! Ko! Hakuuliza kitu, hakuonja kitu. Alipogonga ya mwisho, Bibi Dubu akarudisha kisu mkobani, amesikitika kidogo, akaagiza vikapu mia vya mwaka ujao. Kindi akalia tena, kwa furaha. Soko alikuwa ameliota mara nyingi, lakini oda hakuwahi kuiota.

Hadithi yangu imepanda wingu, imekwenda zake. Mimi nimebaki chini, nina njaa.

Na funzo lake, watoto, ni hili: msiwasumbue maofisa. Ofisa akitaka sampuli, mpe. Akitaka tena, mpe tena, mpaka ashibe. Na kwenye fomu andikeni ukweli mtupu, kama alivyoandika Kindi.